Mungu Alikaa Upande Gani wa Msiba

Ipo siku moja hainitoki kichwani, mjukuu wangu Editha, na tangu nirudi kutoka kwenu Uyole kumzika mwanao Lusajo, inanijia kila nikiinama kuwasha moto. Ni siku tuliyomzika Anjelina, mtoto wangu wa kwanza, hapa hapa kijijini karibu na Kalenga. Wewe hukuambiwa habari zake. Hata mama yako hakuambiwa kuwa alikuwa na dada.

Anjelina alikuwa ameanza kukaa. Ukimweka kwenye mkeka anapiga mikono, anaanguka upande, anacheka. Kifua kikambana usiku mmoja wa mwezi wa saba, wakati wa baridi ile inayochoma masikio, asubuhi hakuiona.

Msiba wetu unaujua. Wanawake ndani, chini, pamoja na marehemu. Wanaume nje, kwenye moto. Babu yako Yohanes alikuwa huko nje. Mimi nimeegemea ukuta, na maziwa yananitoka. Hayo ndiyo yalinimaliza, mwanangu. Mtoto amelala pale amefunikwa, na maziwa hayana habari, yanakuja saa zake kama kawaida, gauni limelowa mpaka kiunoni.

Katekista wetu, Leonsi, akaingia kutusalisha. Kijana mpole, simsemi vibaya. Akaona siitikii sala. Nikamuuliza, "Katekista, huyo Mungu ananiona hivi nilivyo?"

"Anakuona, dada. Lakini Mungu ni Baba. Baba hayumbi. Yeye haumii wala halii, maana akianza kulia na Yeye, dunia hii ataishika nani? Basi nawe jikaze."

Nikasema mbele ya watu wote, "Kama haumii, mimi sina la kumwambia tena."

Sikusema kwa hasira. Nilikuwa nimemaliza naye.

Jirani yetu Agripina, ambaye hata kanisani mdomo haumtulii, akasema, "Leonsi, kaa chini kwanza. Mkeka haung'ati." Leonsi akabaki amesimama na kitabu chake.

Mama mkwe wangu, Veronika, alikuwa ananifunga kifua kwa kitenge. Bila kugeuka akamuuliza, "Mwanangu Leonsi, siku ile Mwana anakufa msalabani, Baba yake alikuwa wapi? Alikuwa anaota moto na wenzake?"

"Mama, Mwana aliteseka katika mwili wa kibinadamu. Uungu wake haukuguswa. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Haya. Mimi sikufundishwa, nimezaa tu. Mtoto wangu akiungua mkono, wa kwangu ni mzima, mbona silali?"

"Hayo ni ya kina mama, mama."

"Na hao kina mama waliumbwa kwa mfano wa nani?"

Leonsi akakifungua kitabu chake. Usidhani alishindwa, maneno alikuwa nayo mengi. Nafikiri alituonea huruma. Akatusalisha kwa kifupi, akatoka.

Ndipo Veronika akaniambia polepole, "Mungu hana ndevu, mwanangu, wala hana titi. Wazee walimwita Nguluvi, na sikusikia mtu akiuliza amekaa upande wa wanaume au wa wanawake. Lakini mimi nakwambia yuko hapa chini. Maziwa haya yanayokuja na mtoto hayupo, Yeye anayajua. Kila siku yanamjia na Yeye, na sisi watoto wake hatupo."

Akainuka, akaenda mlangoni, akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona msibani. Akaita, "Yohanes! Njoo ndani ukae na mkeo."

Babu yako akaja mpaka kizingitini. Niliona miguu yake, ina udongo wa kaburi. Nyuma yake mtu akasema, "We Yohanes, unaenda kunyonyeshwa?" Wanaume wakacheka kidogo. Akasimama pale. Kisha ile miguu ikageuka.

Alirudi kwenye moto, mwanangu, na naona hakuwahi kutoka tena. Mama yake alimwita mara moja, baada ya hapo hakuna aliyemwita. Ukimtaja Anjelina, anachukua jembe anaenda shamba. Watoto waliofuata aliwabeba kama vitu vya kuazima. Siku zake za mwisho, homa imempanda, akawa anaita, "Anjelina, Anjelina," na watoto wake wakaulizana ni nani huyo.

Sasa kwenu Uyole nilimwona mumeo Ambakisye amekaa nje, macho makavu, watu wanamsifu, "Huyu kidume, amejikaza." Msiba haujapoa, akapanda roli lake kwenda Tunduma. Nawe ukanishika kanga stendi, ukasema, "Bibi, nimeacha kusali. Mchungaji anasema Mungu hapatwi na huzuni." Basi likaondoka sijakujibu.

Jibu langu ndilo hili. Sikwambii Mungu ni mwanamke. Naomba Baba Yetu kila siku na nitakufa nayo mdomoni. Wala sibishani na waliosoma. Huenda kweli kuna kitu ndani yake kisichovunjika, na huenda ndicho kinachotushika. Lakini kutovunjika si kutoumia. Usimwache Mungu kwa sababu ya yule uliyeonyeshwa akiota moto nje. Ukishindwa kusali, mlilie tu. Hicho kilio anakielewa kuliko maneno yako.

Na Ambakisye akirudi, usimwache akae sebuleni na simu yake. Tandika mkeka ule aliolalia Lusajo, kaa chini, mwite. Akisimama mlangoni, mwite tena. Akigeuka, mwite na kesho. Usichoke kumwita, mwanangu. Mwanaume anayelelewa na Mungu asiyelia, anakufa na mtoto wake kooni.

Sina dawa ya kukuondolea Lusajo moyoni, hata mimi wangu hajatoka. Mungu aliyenikalia karibu kwenye mkeka ule awakalie na ninyi, wewe na mumeo, chini kabisa, mpaka mtakapoweza kuinuka. Amina.