Koti la Bafta la Hyasinta

Hyasinta alikuwa amepanga chumba cha uani katika nyumba ya Bi Siti binti Mwinyimvua, Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Mimi nilipanga cha mbele, na cherehani yangu ilikaa barazani. Kila asubuhi nilimwona akitoka kwenda kazini, na jioni niliweza kujua kwa mwendo wake tu kama siku ilikuwa njema au mbaya.

Alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya mjini. Alitoka Masasi na darasa lake la saba, akaanza kufagia, kutandika vitanda na kubeba mabeseni. Kidogo kidogo macho yake yakawazoea wagonjwa. Siku moja alinisimulia habari ya mama aliyebadilika rangi ya midomo mbele yake. Hyasinta alikimbia kumtafuta muuguzi, muuguzi naye akamtafuta daktari. Yule mama alipona. Lakini Hyasinta hakusahau kule kukimbia koridoni, anajua kabisa kuna jambo baya, na hana elimu wala ruhusa ya kufanya lolote.

Mwaka 1980, vita vilipokuwa vimekwisha, vijiji vingi vilikuwa na zahanati zisizo na mganga. Wahudumu wenye bidii wakaruhusiwa kuomba mafunzo ya uganga msaidizi. Hyasinta aliomba vyuo viwili, akiwaza kwamba akikosa kimoja huenda akapata kingine. Akapata vyote viwili, na akatakiwa ajibu kufikia Ijumaa anakwenda wapi.

Nyumbani kwetu hakuna aliyeona kuwa hapo pana swali. Chuo kimoja kilikuwa hapahapa mjini. Angebaki na chumba chake, angefanya kazi chini ya madaktari, na angevaa koti refu jeupe. Cha pili kilikuwa kusini, kwenye hospitali ya misheni, na aliyehitimu huko alipelekwa kijijini peke yake. Fikirini, mpangaji mwenzetu aliyekuwa mchukuzi wa sokoni, alimwambia kwamba hajapata kuona mtu aliyezikimbia korosho za kwao akarudi kuzifuata kwa miguu yake mwenyewe.

Bi Siti aliinuka. Aliingia chumbani kwake, akafungua sanduku, akaja barazani na bafta nyeupe iliyokunjwa. Miaka ile kitambaa kama hicho hukipati dukani. Ungepanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na ukifika mbele unakuta zimebaki kaptura za khaki za watoto.

Bafta ile ilinuka kafuri, nikaijua mara moja. Wazee wengi wa huku Pwani huiweka sanda yao sandukuni mapema ili siku ikifika wasiwahangaishe wanaobaki. Bi Siti aliiweka yake tangu mumewe alipofariki.

"Fundi, mshonee koti binti yangu," alisema.

Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama ana hakika.

"Mimi sifi wiki hii. Yeye anaanza chuo. Kata."

Nikakata. Nililishona refu, la mikono mirefu, lenye mifuko mitatu na mkanda nyuma. Likatundikwa msumarini kwenye ukumbi, na wageni walipouliza ni la nani, Bi Siti alijibu kuwa ni la daktari wetu. Hyasinta alipiga magoti akashukuru. Kisha akaenda kukaa uani na muhogo mapajani, akakaa muda mrefu bila kuumenya. Nilipopita kuchota maji aliniambia kwamba hadi jana alikuwa na vyuo viwili. Leo amebaki na kimoja, wala si yeye aliyekichagua.

Akaniuliza mimi huwa nachaguaje kitambaa. Nikamwambia simuulizi anayekiuza, namtafuta mtu ambaye keshakivaa na kukifua, nione kimekuwaje. Akacheka, akasema basi na yeye atawatafuta waliokwisha kufuliwa.

Wa kwanza alikuwa Tarsis, aliyesomea chuo cha mjini na sasa alifanya kazi hospitalini kwao. Hyasinta alimwona wakati wa mapumziko ya mchana, na jioni akanieleza. Tarsis alikuwa mtu mwema na amejifunza mengi. Alisema uzuri wa kazi yake ni kwamba daktari hayuko mbali, ukikwama unauliza. Hyasinta akamuuliza mwaka wa kwanza alishika nini kwa mikono yake. Tarsis akafikiri, akasema mwaka wa kwanza alishika kalamu, na wa pili pia, ila wa tatu alipewa wagonjwa wa kuwatazama daktari akiwa pembeni.

Wa pili alikuwa Uwesu, aliyesomea kusini kisha akahamishiwa zahanati moja ng'ambo ya Magogoni. Hyasinta hakutaka kwenda peke yake kwa mwanamume asiyemjua, akaniomba nimsindikize Jumatano, siku yake ya mapumziko. Tukavuka na pantoni, tukakuta benchi limejaa. Uwesu alivaa koti jeupe lililofifia, la mikono mifupi, na hakuwa na nafasi ya kuzungumza. Akamwambia Hyasinta akae karibu naye. Mimi nilikaa mlangoni na wagonjwa.

Akaja mama na mtoto anayehema harakaharaka. Uwesu alimvua mtoto shati, akamlaza, na badala ya kusema kitu akamgeukia Hyasinta.

"Unaona nini?"

Hyasinta aliinama akatazama. "Hapa chini ya mbavu panaingia ndani kila anapovuta pumzi."

Uwesu akaitikia kwa kichwa. Akamchoma mtoto sindano, akamwambia mama asiondoke, abaki hapo kivulini, na kama hajapata nafuu wakati wa adhuhuri watavushwa kwenda hospitali. Benchi lilipopungua akaeleza kuwa ndivyo walivyofundishwa. Mwalimu alikaa nyuma yako kimya, mgonjwa akiwa mbele yako, na hakufungua mdomo mpaka umeshasema unachoona.

Hakuficha ubaya wa kazi ile. Alisema dawa huisha kabla ya mwezi. Alisema katika kijiji chake cha kwanza mtoto alimfia mikononi, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza kama alikosea. Siku ile alitaka kuacha kazi. Kesho yake asubuhi benchi lilikuwa limejaa, akafungua mlango.

Tulipoondoka yule mtoto alikuwa ananyonya. Kwenye pantoni Hyasinta aliyatazama maji tu, nikadhani ameogopa. Tulipokaribia upande wa pili ndipo aliposema: "Ameniuliza ninaona nini. Miaka yote wodini hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuchagua. Lililobaki lilikuwa ni lile koti.

Alhamisi baada ya magharibi alilitoa msumarini, akalikunja, akampelekea Bi Siti barazani kwa mikono miwili. Nilikuwa kwenye cherehani, nikaacha kukanyaga. Akamwambia, "Mama, nisamehe. Nakwenda kusini. Sanda yako nimeiharibu bure."

Bi Siti alilitazama lile koti. Hakulipokea.

"Nani kakwambia koti hili ni la chuo? Nimekupa wewe, si jengo. Au huko kwenu wagonjwa hawana macho ya kuona cheupe?"

Hyasinta akaanza kulia. Bi Siti alimwacha alie, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ila mimi na presha yangu hii, nani atanikataza chumvi?"

"Fundi."

"Fundi haongei."

"Basi atakutikisia kichwa."

Bi Siti akacheka mpaka akashika ubavu, na Hyasinta naye akacheka na machozi yake. Kisha akaniomba nikate mikono ya koti iwe mifupi kama ya Uwesu, maana mirefu itaingia kwenye kila beseni. Nikaikata palepale. Bi Siti akaviokota vile vipande viwili, akavikunja vizuri na kuvirudisha sandukuni. Akasema sanda yake imeanza kurudi, na iliyobaki ataisubiri.

Ijumaa Hyasinta alijibu. Mwezi uliofuata akapanda basi la kusini na koti lake.

Mwaka aliohitimu, abiria mmoja kutoka Masasi alituletea kifurushi cha Hyasinta. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe, mpya. Bi Siti aliipima kwa mikono kutoka ncha hadi ncha, akainusa, akasema ni nzuri lakini ni fupi, na aliyetuma fupi aje mwenyewe na kipande kilichobaki. Mimi niliiona inatosha kabisa. Akaiweka sandukuni, tukakaa kula. Aliponyoosha mkono kwenye kibakuli cha chumvi nikamtikisia kichwa, akaurudisha huku akinung'unika.