Mama Spana na Valvu za Bwawa

Jina la Mama Spana alipewa kwa kejeli. Siku ya kwanza alipopita mtaani, boksi la zana za mumewe begani na mtoto mgongoni, vijana waliokaa kibarazani walimpigia kelele, "Mama Spana, unakwenda kukaza nini, mdomo wa mumeo?" Akawajibu bila kusimama, "Naanza na wenu." Wakacheka wenyewe, na jina likaganda.

Mumewe alikuwa fundi bomba mpaka ngazi ilipomtupa na mgongo ukamkataa. Kabla mgonjwa hajajua hata kujigeuza kitandani, ndugu walishakaa na kukata shauri: boksi liende kwa mdogo wake, maana mke atalifanyia nini? Mama Spana, aliyekuwa akimshikia mumewe mabomba tangu alipoolewa, alisema neno moja tu. "Kuna valvu za bwawa la kuogelea mume wangu aliahidi kuzibadilisha. Nitazibadilisha mimi. Zikivuja, chukueni boksi. Zisipovuja, mtu asiniulize tena."

Ndiyo maana asubuhi ile shemeji yake, huyo mdogo wa mumewe, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa kwenye nyumba yenye bwawa, mlangoni mwa chumba cha pampu, anasubiri tone.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kinanuka dawa ya maji. Valvu za zamani zilikuwa zimekatika vishikio, hazifungi wala hazifungui. Mama Spana alikwisha kuzama bwawani na nguo zake, akaziba matundu ya kunyonyea maji kwa vizibo vya mpira, na sasa sketi ilimnata miguuni. Mtoto alilala juu ya shuka, kivulini.

Akakata, akapiga msasa, akakausha, akapaka gundi. Valvu ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Alipofika ya mwisho, mtoto akalia. Maziwa yakamshuka yenyewe kifuani, na akili ikayafuata. Akasukuma kiungo kwenye bomba, akakishikilia mpaka gundi ikauma. Ndipo alipoiona nati kubwa ya kukazia, imekaa sakafuni inamtazama. Nati hiyo huvishwa bomba kwanza, kiungo hufuata. Kiungo kikishaganda, haipiti tena.

Shemeji akajipiga paja. "Loo! Hata anayeanza kazi leo hafanyi hivyo!"

"Anafanya. Kaka yako kafanya, mimi nikimmulikia taa."

Shemeji akasogea, akashusha sauti. "Sasa sikia. Zungushia mpira, kaza na waya, twende zetu. Mwenye nyumba hajui hili wala lile, na mimi nyumbani sitasema kitu. Ila boksi nalibeba mimi."

Bomba lililotoka ukutani lilikuwa fupi. Akikata, kitabaki kisiki cha vidole vichache, na akikosea tena ni kuvunja ukuta. Kisha akaenda mlango wa jikoni, sketi ikichuruzika, akamwita mama mwenye nyumba.

"Mama, nimekosea. Nati nimeisahau. Nakata, naanza upya. Kiungo kingine ni juu yangu."

Yule mama alimwangalia toka utosini hadi vidole vya miguu. "Na hukuweza kuninyamazia?"

"Mimi ningeweza, mama. Pampu ndiyo isingeweza."

Akarudi. Safari hii nati aliivaa mkononi kama bangili, isimtoroke. Akashika msumeno.

"Ukuta huo utauvunja na meno?" shemeji akauliza.

"Nikiuvunja nitaujenga. Sogea, unaniziba mwanga."

Alipomaliza kuvisha nati na kugandisha kiungo, shemeji alisimama upesi. "Washa basi tuone."

"Gundi haijakauka."

"Unaogopa."

"Naogopa, ndiyo. Na huwashi."

Akamchukua mtoto, akakaa kwenye kizingiti, swichi ikabaki nyuma yake, akaanza kunyonyesha. Shemeji angemrukaje mke wa kaka yake anayenyonyesha? Akabaki kulizunguka bwawa kama paka aliyenyeshewa.

Jua lilipohamia upande wa pili, Mama Spana alitoa vizibo, akajaza pampu maji, akawasha. Pampu ikakoroma, ikatema hewa, kisha ikashika mlio mmoja laini. Shemeji akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya kila kiungo. Akakitazama kidole. Akapitisha tena. Kikavu.

"Bahati," alisema.

"Iite hivyo."

Akainuka, sauti imekuwa asali. "Haya, umechoka, acha nikubebee." Mkono ulikwisha kufika kwenye kishikio cha boksi. Mama Spana alijua kwamba likipita mlango wa shemeji, ndiyo limekwenda.

"Kweli nimechoka, shemeji," akasema, na kabla shemeji hajajua la kufanya akamwekea mtoto mikononi. "Nibebee huyu. Mshike shingo vizuri, na bega lako uliandae, kashiba sana."

Akajitwika boksi, akatangulia.