Kitenge cha Pili cha Shangazi Kavira

Nakumbuka bado ile Alhamisi, mwanangu, niliyoharibu kitenge cha shangazi yangu. Kila nikiikumbuka najikasirikia upya.

Nilikuwa msichana, najifunza kushona kwa Mama Furaha, hapa Majengo. Alikuwa na rundo la majarida ya mitindo ya Ulaya, ya kale, ya miaka ya katikati ya zile vita kuu mbili za dunia. Picha zake zilichorwa kwa kalamu: wanawake warefu, nywele fupi, hawana kifua, hawana nyonga, wamenyooka kama ufito. Nikaamini mwanamke mzuri ndiye huyo.

Basi shangazi Kavira akaja kutoka Butembo, binti yake anaolewa Jumamosi. Mama wa watoto saba, mwili umejaa. Akanipa kitenge kizima: cha blauzi, cha sketi, na kile cha pili cha kujifunga juu, ambacho kwetu ndicho kinachosema huyu ni mama wa watu. Unadhani nilimpima? Wapi! Nilikata kwa kufuata mchoro.

Alipojaribu, blauzi ilikwama mabegani, sketi ikagoma kupanda. Hakunigombeza hata. Aliinamisha kichwa. "Ni mwili wangu ndio mubaya," akasema. "Kanisani nitakaa nyuma."

Mama wa bibi harusi akae nyuma! Mama Furaha akawaka, akatandaza majarida mezani.

"We mutoto, angalia! Huyu hana kiuno. Huyu wa miaka michache baadaye, kiuno kimerudi, na nyonga juu yake! Wanawake wa kule walibadilisha mifupa? Mwenye kalamu ndiye alichoka na ule mutindo!"

Dawa ilikuwa moja: kukata kitenge cha pili, tuongeze ubavuni. Jumamosi shangazi akasimama mbele bila kitenge cha juu, wakwe wakimkodolea macho.

"Mama, kitenge cha pili umeacha wapi?" mmoja akamchokoza.

"Nimekivaa chote!" akajibu, akacheka. Mimi sikucheka. Aibu ilikuwa yangu, akaibeba yeye.

Na ninyi sasa mnanichosha! Mnaniletea picha kwenye simu: "Mama, nataka niwe hivi." Uwe hivyo vipi? Mwakani watamsifu mwingine. Mwanangu, nguo ikikukataa, irudishe kwa fundi, usiuchukie mwili. Nawe ukishika mkasi, mpime kwanza aliye mbele yako. Mungu akupe afya, na akuzungushie watu wa kukutazama bila kukupunguza.