Picha Iliyokuwa Nyuma

Simu ya kaka ilinikuta nikimpa mama uji. Alisema mvua za usiku zimelainisha udongo huko Nyarugusu, magogo yanayoshikilia kuta za duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, yameachia, na wachimbaji watatu wamefukiwa. Mdogo wetu alikuwa mmoja wao. Kaka alikuwa tayari stendi, anatafuta gari la kwenda Geita. Akaniagiza nisithubutu kumwacha mama peke yake.

Mama alikuwa na plasta mguu mzima, alivunjika kwa kuteleza kisimani, kwa hiyo kusafiri naye hakukuwezekana. Sikumficha. Katika nyumba yetu hapa Ibadakuli hakuna anayemficha mama jambo, kwa sababu baba alipofariki Mwadui, mashangazi walimwambia amepelekwa Mwanza kutibiwa, na mama akashinda siku nzima anamwandalia nguo za kubadilisha hospitalini. Tangu hapo neno la mdomo halimtoshi. Nilipomweleza, hakulia. Aliuliza tu, "Nani amemwona?"

Hakuna aliyekuwa amemwona. Lakini binamu mmoja alituma ujumbe kwamba kuna kituo cha mtandaoni kinarusha uokoaji moja kwa moja kutoka machimboni. Nilifungua kwenye simu nikamsogezea mama. Macho yake yana mtoto wa jicho. Aliona mwanga tu. Kwenye runinga, akikaa karibu, huona watu na rangi za nguo zao.

Runinga yetu inapata intaneti kupitia kiboksi cheusi alicholeta mdogo wetu Krismasi, ili mama aweze kufuata misa akiwa nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wake. Kikisumbua nilimpigia, naye alinielekeza kutoka huko huko machimboni, bila haraka, dada chomoa, dada subiri kidogo, dada chomeka. Siku hiyo nilishika rimoti nikajikuta natafuta namba yake. Niliitazama ile namba, nikaiacha.

Niliwasha intaneti ya simu yangu, nikaunganisha kiboksi. Picha ikaja: kifusi chekundu, wanaume wamejipanga wakipokezana ndoo za udongo, mmoja amevua shati. Kisha ikaganda. Kipete cheupe kikazunguka katikati ya kioo.

"Mbona wamesimama?" mama akauliza.

Nikamwambia hawajasimama, ni mtambo wetu. Picha ikarudi, ndoo mbili zikapita, ikaganda tena. Mama akaanza kusema na wale watu kwa Kisukuma, akiwabembeleza wasichoke, wamfikirie mtoto wa mwenzao. Kila walipoganda alidhani wamekata tamaa. Kumweleza hakukusaidia kitu. Mimi mwenyewe, ninayejua kwamba ni intaneti, moyo ulisimama kila waliposimama.

Nilichomoa kiboksi nikachomeka. Kilikuwa cha moto kama pasi, kimebanwa kati ya runinga na ukuta, nikakitoa na kukiweka juu ya sinia ili kipoe. Nilifunga kila kitu kingine kilichokuwa wazi ndani yake, nikafuta takataka zake za kumbukumbu. Nafuu ilikuja, kisha ikaondoka. Nikanunua bando jingine nikidhani la kwanza limekwisha, kumbe halikuwa limekwisha. Nilikosea kuandika nywila ya kiboksi mara kadhaa, na mama nyuma yangu anaita, "Mayu, washa. Washa basi." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ananiita hivyo anapokuwa na hofu, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo na homa.

Jirani yetu aliingia wakati huo. Ni mama mjane mwenye banda la kuonyeshea mpira, amekuja kutupa pole. Alimwamkia mama shikamoo, akakaa, akatazama runinga ikiganda, na simu yangu ikiita. Ilikuwa ni ndugu wa Bukombe akiuliza kama ni kweli. Nilipokata simu, picha ikaendelea. Ikaita tena, ikaganda.

"Simu ndiyo inayokata," jirani akasema. "Ukipokea pole, intaneti inasimama."

Nikakaa chini sakafuni. Nisingeweza kuzima simu, kwani kaka angenipataje? Na nisingeweza kumzimia mama picha. Jirani akaondoka, akarudi na ruta ya bandani kwake pamoja na waya mrefu. Alichomeka waya moja kwa moja kwenye kiboksi, akashusha ubora wa picha mpaka nyuso zikawa na ukungu, na wale watu wakaanza kutembea, wakikatika kwa pumzi chache tu.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema matangazo mubashara yoyote huchelewa. Bandani kwake husikia banda la jirani wakishangilia goli wakati kwake mpira bado uko katikati ya uwanja. Akasema tukiisimamisha kidogo ijikusanye, itakuja laini, lakini tutakuwa nyuma yao zaidi. Akamgeukia mama achague.

Mama alifikiri. "Niache nione bila kukatika," akasema. "Hata kama ni nyuma."

Tukaisimamisha. Tulingoja tukitazama ndoo moja iliyoning'inia hewani mikononi mwa watu wawili. Kisha ikashuka, na kazi ikaendelea mbele yetu kama maji.

Jua lilikuwa limeanza kuinama kaka alipopiga. Nyuma yake palikuwa na kelele za watu wengi, na yeye analia. "Wamemtoa," akasema. "Anapumua. Mwambie mama anapumua."

Nilimwambia mama. Alinyoosha kidole kwenye runinga. Wanaume walikuwa bado wanapokezana ndoo.

"Mbona wanachimba?"

Nikasema picha iko nyuma, mama, yeye ameshatoka. Jirani akasema hivyo hivyo. Mama akatutazama kwa zamu, nami nikajua anawaona mashangazi. Nilimpa simu aongee na kaka, akairudisha bila kuiweka sikioni. "Na baba yenu walisema anaendelea vizuri."

Tukakaa. Nilikuwa na furaha mdomoni na nimekatazwa kuimeza. Kisha kipete kikarudi. Jirani alipiga magoti akakaza waya, mimi nikashika ruta dirishani kwa mikono miwili juu, nikimwomba Mungu kwa sauti.

Picha ilipofunguka, ndoo zilikuwa zimewekwa chini. Watu walisogea, wakatoka wanne wamembeba mtu kwenye blanketi la kijivu. Sura yake sikuitambua, ilikuwa udongo mtupu. Mama alijivuta na plasta yake hadi pua ikakaribia kioo.

"Hawajamfunika uso," akasema.

Akarudia, taratibu, kwa Kisukuma. Kisha akaniomba uji wake, ambao ulikuwa umeganda tangu asubuhi, akaunywa hivyo hivyo.

Jirani alinyoosha mkono azime. Mama akamzuia. Wawili walikuwa bado chini, na mwanamke mmoja alisimama pembeni mwa kifusi, khanga imemdondoka mabegani, wala haiokoti. Mama alimtazama mpaka jioni. Walipowatoa wale wengine, wote wawili walikuwa wamefunikwa.

Mdogo wetu alilazwa Geita, amevunjika mbavu na mkono. Alipopona alirudi machimboni, duara jingine, kwa sababu ndiyo kazi anayoijua. Mama hakumkataza. Alimwomba tu akifika apige simu, na asimwambie mtu mwingine ampigie kwa niaba yake.