Njia ya baiskeli ya bondeni Masieda: niliusifia ukimya wake kabla sijajua unatoka wapi

Wakuu, heshima mbele.

Juzi kuna mdau humu kaleta picha za watu wanaendesha baiskeli Ufaransa, kwenye mabonde ya mito huko vijijini kwao. Njia za changarawe, miti pande zote, hakuna gari, hakuna mtu. Akauliza kama na sisi tunazo route tulivu namna ile.

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja nikashindwa. Ninayo moja ninayoijua. Ila haisimuliki kwa mstari mmoja, na haya ninayoandika yalinikuta mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Sehemu nyingine zinaniaibisha, mtaziona.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, na Manyara ndiyo kwanza imekatwa kutoka Arusha. Mimi nilikuwa fundi matrekta kwenye shamba kubwa la ngano Hanang. Siku moja tukaambiwa shamba linatafutiwa mwekezaji, na sisi tujitafutie pa kwenda.

Wenzangu wakatawanyika. Mke wangu akachukua watoto akarudi kwao Singida, akasema nikipata pa kueleweka nimwite. Nikabaki na baiskeli ya Kichina, ile nyeusi ya fremu nzito, na muda usioisha.

Nikapanga chumba kijiji cha Hirbadaw, nikaanza kuuza dawa za mifugo. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya serikali. Soko huria lilipoingia ikawa ya yeyote mwenye sanduku na moyo mgumu, na mimi nilikuwa navyo vyote viwili.

Customers wangu walikuwa Wabarabaig wa tambarare mpaka Gehandu, na Wairaqw wakulima upande wa Masieda. Masieda nilikuwa naenda Jumanne kwa barabara kubwa ya juu, nikiuza kijiji kwa kijiji, nalala huko, narudi Jumatano.

Sasa hiyo barabara ya juu ilikuwa na malori ya mnadani na vumbi la kufa mtu. Ndipo nikagundua kwamba chini, kando ya mto, kuna njia nyingine, nikawa narudi nayo kila Jumatano.

Wakuu, ile njia ilikuwa nzuri. Mto wenyewe kiangazi ni mchanga mtupu, lakini migunga imesimama pembeni na kivuli chake. Changarawe ndogondogo, imeshikana vizuri, tairi linanong'ona tu. Unateremka taratibu kama saa nzima bila kukanyaga pedali kwa nguvu.

Na hakuna mtu. Hata ng'ombe hawapiti. Wiki ya kwanza nilijiona nimeokota almasi.

Niseme ukweli, nilikuwa mpweke sana kipindi kile. Watu wa juu wanakuuliza habari za nyumbani, na mimi nyumbani sina. Kule bondeni hakuna wa kuniuliza. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisani ambazo hata maneno yake siyajui vizuri, maana hakuna wa kunisahihisha.

Katikati ya njia palikuwa na nyumba moja, na moshi. Jumatano ya pili kiu ilinibana nikapiga hodi.

Akatoka mama mmoja wa makamo, umri wa mama yangu. Nikasema shikamoo, akaitika, lakini alisimama mbali. Akaniambia, "Usikaribie, baba. Baki hapo hapo."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akakiweka juu ya jiwe kubwa kwenye mpaka wa uwanja wake, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikanywa. Nikasema asante. Akasema, "Pita salama."

Nikadhani ananiogopa, mwanaume mgeni na sanduku lake. Au ana dharau. Lakini maji yalikuwa matamu, kwa hiyo kila Jumatano nikawa nasimama pale. Baada ya muda nilikuwa nakikuta kikombe kimeshawekwa, kimefunikwa na kisahani.

Tulikuwa tunaongea kwa mbali hivyo hivyo, yeye ukutani, mimi kwenye jiwe. Aliitwa Mama Tluway. Mume wake alikuwa amefariki. Aliniuliza habari za watoto wangu kwa majina. Mtu pekee mkoa mzima aliyeyajua majina yao ni yule mama ambaye sijawahi kumshika mkono.

Wiki ya sita akaniambia ndama wake anaharisha, manyoya yamesimama, amebaki mifupa. Nikaona hata kwa mbali ni minyoo. Dawa nilikuwa nimeimaliza yote Masieda. Nikamwambia, "Mama, Jumatano ijayo naleta." Akasema, "Nitakusubiri, baba."

Jumanne iliyofuata nikafika kwa Mzee Margwe, customer wangu mkubwa Masieda, ambaye nilikuwa nalala kwake. Nikasema shikamoo. Akaitika, lakini kigoda sikuletewa.

Akaniuliza, "Ukirudi unapita wapi?"

Nikamwambia napita bondeni. Nikaanza kuisifia ile njia kabisa, kivuli chake, utulivu wake, kama huyu mdau wetu na picha zake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vijana wanaochunga ng'ombe wameona alama za tairi lako. Zinasimama kwenye jiwe la Mama Tluway. Umekunywa maji yake?"

Ndipo akanieleza. Kwa Wairaqw wa mila kuna kitu wanaita metimani. Mtu akifiwa na mwenzake wa ndoa anakaa peke yake mwaka mzima. Hapewi mkono, haingii kwa watu, hanywi nao kikombe kimoja, mifugo yake haichangamani na ya wengine. Na yeye mwenyewe anapaswa kumzuia mgeni asimkaribie. Kanisa lilikuwa linaipinga mila hiyo, lakini kule walikuwa bado wanaishika.

Kumbe ndiyo maana njia haina mtu. Na mimi nimekaa Hanang miaka tisa ndani ya kambi ya shamba, najua kila nati ya trekta, sijui jirani anazikaje.

Nikamwambia huo ni ukatili. Mzee hakukasirika. Akasema, "Sisi hatumchukii. Chakula tunamwachia mpakani. Shamba lake tumelilima. Mwaka ukiisha tunamtoa wenyewe. Wewe ukimsogelea, ng'ombe zangu hutazishika tena, wala za mtu mwingine hapa."

Kesho yake asubuhi nikafika pale njia zinapogawanyika, ya juu na ya bondeni. Dawa ya minyoo iko kwenye sanduku, chupa mbili.

Nilisimama pale muda mrefu. Masieda ndiyo ilikuwa tumaini langu la kuiita familia. Nikawaza mke, nikawaza watoto. Nikawaza na tairi, kwamba changarawe inasema kila kitu.

Nikapita juu.

Kuna mahali barabara kubwa inachungulia bonde. Niliuona moshi wake. Sikusimama.

Na Jumatano iliyofuata nikapita juu tena. Ukishapita mara moja, ya pili haikupi stress kabisa, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Miezi ikaenda. Siku moja niko mnadani nafunga sanduku, nikasikia mtu ananiita, "Baba wa Neema." Neema ni binti yangu wa kwanza. Nikageuka, ni Mama Tluway, kavaa kitenge kipya. Mwaka wake ulikuwa umeisha, walishamtoa.

Akanyoosha mkono. Nikaupokea. Ulikuwa mgumu na wa moto, na hakuuachia haraka.

Nikauliza habari za ndama. Akasema alikufa wiki ya pili tangu niache kupita.

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia walinikataza nisifike kwake. Akaniangalia bila hasira, na hapo ndipo niliumia zaidi.

Akasema, "Najua. Lakini ungeiacha juu ya jiwe tu, baba. Kumnywesha ndama mimi naweza. Wenzako wote walikuwa wanaacha vitu pale."

Kisha akasema, "Kikombe nilikuwa nakiweka kila Jumatano. Niliacha mvua zilipoanza."

Wakuu, nimelifikiria hilo jiwe kwa miaka mingi. Wale niliowaita wakatili walikuwa wanatembea mpaka mpakani na mahindi kichwani, halafu wanarudi. Mimi niliyejiona mstaarabu ndiye nilimwacha peke yake. Sikumuuliza hata Mzee Margwe kama kuna namna.

Familia ilirudi baadaye, tunaishi vizuri. Neema ni mtu mzima sasa. Hajui kwamba kuna mama bondeni aliyekuwa anamuulizia kila wiki.

Kwa hiyo mdau wa picha, jibu lako ni hilo. Route ipo, na ni tulivu kweli. Ila ukiona njia nzuri haina mtu, uliza kwanza nani anaishi huko na kwa nini hapitiwi. Na kama uliahidi kitu ukashindwa kufika, kiache basi hata mpakani.

Nani mwingine humu aliwahi kusubiriwa bondeni, akapita juu? Andikeni hapa chini. Mimi simcheki mtu.