Seli Zangu Zinamuumiza Kaka Yangu, na Mama Hajui

Kila jioni mama hunipigia simu na kuuliza, "Amekunywa dawa?" Nami humjibu, "Amekunywa, Mama." Ni uongo. Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, hata rafiki yangu wa kanisani.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne majuzi. Naishi Asembo Bay kwa nyanya yetu, tunayemwita Dani, nikimuuguza kaka yangu. Mama anauza samaki Kisumu, huja Jumapili. Kaka alikuwa na saratani ya damu. Tulipelekwa India, nikapimwa, ikaonekana seli zangu zinalingana na zake, wakachukua seli zangu zinazozalisha damu wakamtilia. Alipata nafuu kabisa. Tangu hapo ananiita Mfadhili. "Mfadhili, leta chai! Na nikianza kulia kwenye sinema, ujue ni damu yako hiyo."

Kisha viganja vyake vikawa vyekundu kama vimeungua. Daktari wa Kisumu alitueleza kwamba seli zangu za kinga zimeuona mwili wake kuwa mgeni, zinaushambulia. Akampa tembe za kuzituliza. Lakini akaongeza kuwa seli hizo hizo ndizo zinazowinda mabaki ya saratani, kwa hivyo hataki kuzilaza kabisa. Kaka alishika hilo neno la mwisho tu.

Dani alipoona ngozi inambambuka alisema ni chira, ugonjwa wa mtu aliyevunja mwiko. "Nyathina, mwanangu, damu ya msichana imeingizwa kwa mvulana bila wazee kuambiwa. Inagombana." Akachemsha manyasi, dawa yake ya mitishamba, akatunywesha sisi wawili kwa kibuyu kimoja ili damu zipatane. Sharti lake ni kwamba manyasi hayachanganywi na dawa ya hospitali.

Nilidhani kaka atakataa. Alicheka. "Hizo tembe zimenivimbisha uso, zinanitetemesha mikono. Na si daktari alisema seli zako ni za kuwinda? Mbona nizifunge?"

"Alisema zisilale kabisa. Hakusema uziachilie."

"Mfadhili, ukishatoa si zako tena. Kunywa."

Nilipokea kibuyu, nikanywa.

Mwanzoni alichangamka, hata akashuka ufuoni kutania wanawake wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Dani akamshukuru Mungu kwa sauti. Sasa macho yake yana umanjano. Anaharisha maji matupu, anavaa sweta jua likiwaka ili Dani asione mikono. Jana nilipompelekea uji alinitazama sana, akasema bila kutania, "Ziambie ziache." Nilipomsihi arudie tembe, akasema nikimwambia mama, mama hatakanyaga tena kwa Dani, na yeye hatanihesabu kuwa dada yake.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala. Ndani yangu seli hizi zimetulia kabisa. Wakati mwingine naangalia mikono yangu na kuiogopa.

Leo jioni mama atapiga tena. Kaka huketi karibu nami simu ikilia, asikie nitakachojibu. Nishaurini, nifanye nini? Nawaomba sana, hata mkitutambua, msimwambie mtu. Mama akija kulijua hili, asilisikie sokoni.