Mshono Usio Wangu

Ijumaa, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Mvua ya jana imekatika alfajiri, mawingu yamebaki yamejazana upande wa Ibadakuli, lakini kufika saa nne jua lilikuwa limeshashika na udongo wa mbuga unanata kwenye viatu. Nimeingia mahakamani na matope hadi kwenye vifundo vya miguu.

Leo Tajiri amehukumiwa. Kifungo cha maisha. Na mimi nimetoka mlango wa mbele kwa miguu yangu, bila askari pembeni. Naandika haya mawili pamoja kwa sababu kwa zaidi ya mwaka yalikuwa jambo moja: aidha yeye, aidha mimi.

Sijui kama nitayaeleza vizuri. Nimeishia darasa la saba, na daftari hili nilizoea kuandika mambo ya mvua na homa za watoto. Lakini mjini yamesemwa mengi, mengine ya kumwonea yeye na mengine ya kunisifu mimi kuliko ninavyostahili. Nitaandika niliyoyaona. Pale ambapo sikuona nitasema sikuona.

Kazi yangu ni kushona midomo ya magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mchele unatoka, gunia linajazwa, linasimamishwa mbele yangu, nakunja mdomo, nashona, linabebwa. Kila mshonaji ana mkono wake. Mimi nakunja mara mbili, naanzia pembe ya kushoto, sisi tunaiita sikio, namalizia sikio la kulia kwa kulizungushia uzi mara tatu. Changanya magunia ya mashine nzima, nitakuchagulia yangu hata kwa kupapasa. Si kujisifu, hata mpika chapati anaijua chapati yake.

Tajiri nilimjua akiwa mbeba magunia pale pale. Wakati huo hakuwa Tajiri, alikuwa kijana mfupi mwenye mabega kama mlango, ametoka jineri, kwenye kinu cha kuchambulia pamba, walikopunguza watu. Mcheshi mno. Msimu mmoja mwenzangu wa kushona alijifungua, yeye akashika sindano akakaa kwenye kiti chake. Siku ya kwanza tu akaanza kunicheka.

"Mama, huo mshono wako ni wa nguo ya harusi. Gunia linataka fundo la pamba."

Alikuwa anamalizia kwa fundo bapa, limelala, halitelezi hata ulivute kwa meno. Alisema kwenye pamba ni lazima, kwa sababu pamba inavimba na kusukuma mdomo wa gunia.

"Nikufundishe?"

"Kamfundishe mkeo," nikamjibu.

"Sina mke, labda nimfundishe mama mkwe wako."

Tukacheka mpaka mwenye mashine akatoka kuuliza kama tunalipwa kwa kucheka. Sikujifunza lile fundo. Mwenye mashine yule sasa ni marehemu, mwenzangu hakurudi tena kazini, na wabeba mizigo wa msimu ule wametawanyika, wengine wako machimboni huko Geita, sijui walipo.

Alivyopanda sikuelewa, na siamini wanaosema walielewa. Alianza kupeleka mchele machimboni kwa baiskeli, halafu kwa Fuso la kukodi, halafu Fuso likawa lake, yakawa mawili. Akajenga ghorofa. Akafungua nyumba ya wageni Runzewe na nyingine Mwanza. Tulisema mchele unalipa. Watu wa machimbo wanakula kweli, mchimbaji akipata hali ugali, kwa hiyo hesabu hiyo ilituingia akilini. Akija mashineni anashuka kwenye gari lenye vioo vyeusi, wazee wanasimama, vijana wanaitikia "Bosi!" kabla hajasalimia. Mimi alikuwa ananipa shikamoo yangu kama zamani. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Na hili pia ni kweli. Nilipozidiwa na uchungu wa mapacha, barabara imejaa maji, ni yeye aliyenitumia gari lake likanifikisha hospitali. Bila gari lile sijui kama ningekuwa hapa naandika.

Upande wa pili niuseme pia, ili anayesoma ajue nilikuwa na kinyongo. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mchimbaji. Alianza na bangi ya kuingilia shimoni, maana wanasema inatoa woga, akaishia kwenye unga wa kulevya. Alirudi nyumbani amekonda, anasinzia na kijiko mdomoni. Wakati ule sikujua unga ule unatoka kwa nani. Nilikuwa namlilia mdogo wangu asubuhi na kupokea shikamoo ya Tajiri mchana.

Halafu Fuso lake likakamatwa njiani, karibu na Masumbwe. Magunia ya mchele, juu mchele, pembeni mchele, katikati bangi iliyofungwa vizuri na vifurushi vya unga. Dereva akasema mzigo ni wa bosi wake. Tajiri akasema yeye ni mfanyabiashara wa ofisini, hununua magunia yakiwa yameshafungwa mashineni, kwa hiyo aulizwe aliyeyafunga.

Aliyeyafunga ni mimi.

Walinichukua mashineni mchana, watu wakiangalia. Nililala mahabusu siku mbili. Askari aliyeandika maelezo yangu hakunipiga wala hakunitukana, aliuliza tu swali lile lile: "Mshono huu ni wa nani?" Nikaomba nilione gunia. Wakaniletea moja. Nikalitazama, nikaona masikio siyo yangu. Mdomo umekunjwa mara moja tu, na juu yake matundu ya sindano yangu yako wazi, hayana uzi, kwa sababu kiroba cha plastiki kikishatobolewa hakisahau. Mtu alifungua mshono wangu, akapunguza mchele, akaingiza vitu vyake, akashona upya chini kidogo. Na mwishoni fundo bapa, limelala.

Nililijua. Nikamwambia askari niliwahi kumwona nani akilifunga, akaandika.

Waliniachia, lakini si kwa kunisafisha. Niliambiwa nisitoke mkoani. Siku ya pili nyumbani, mama mkwe wangu akamwambia mwanawe, mimi nikiwa nyuma ya ukuta, "Nyumba hii haijawahi kuwa na mtu wa polisi." Mume wangu, fundi baiskeli, mtu asiyejua kubishana na mama yake, akajibu tu, "Mayu, huyo ni mama wa wajukuu zako." Tangu siku hiyo mama mkwe akawa anapika chungu chake, nami changu.

Kesi ilipofika zamu yangu, nilisimama kama shahidi wa serikali, lakini wakili wa Tajiri alinifanya mshtakiwa. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri, taratibu, hata kunitukana hakunitukana.

"Mama, mtu wa mwisho kuona ndani ya gunia kabla halijafungwa ni nani?"

"Ni mimi."

"Na mshtakiwa aliwahi kukusaidia gari ulipokuwa unajifungua?"

"Ndiyo. Nilimshukuru, na namshukuru hadi leo."

"Kwa hiyo ulikuwa mtu wake. Au alikuwa mtu wako, na magunia ulijaza wewe."

Watu wakaguna. Nikasema magunia niliyoshona yalikuwa mchele mtupu, na mshono ulioko juu ya yale magunia si wangu.

"Ni wa nani?"

Wakili wa serikali alikuwa ananitazama kama mtu anayesukuma gari kwa macho. Nilijua anachotaka. Nikasema, "Fundo la namna hii nimemwona nalo mshtakiwa, wakati tunashona naye. Lakini siwezi kusema hakuna mwingine anayelifunga. Wote waliofanya kazi ya pamba huenda wanalijua."

"Mlishona naye? Mteja wangu ameandika kwenye maelezo yake kwamba hajawahi kushika sindano ya gunia maisha yake yote. Una picha? Una shahidi?"

"Sina."

"Ahsante, mama."

Alikaa. Nilijiona mjinga. Nilijiambia, umeulizwa jambo moja la kukuokoa na umelikata mguu mwenyewe. Kwa jinsi alivyolikunja neno, kama jaji angemwamini, safari iliyofuata ingekuwa mimi kuingia kule kizimbani, na mapacha wangu wangekulia chungu cha bibi yao.

Wakili wa serikali akasimama tena. Akaomba niruhusiwe kushona mbele ya mahakama. Kikaletwa kiroba kipya, pumba ndani, sindano na uzi. Mikono ilipogusa sindano ikaenda yenyewe: kunja mara mbili, sikio la kushoto, tembea, sikio la kulia, zungusha tatu. Jaji akashuka akaangalia, akalinganisha na yale matundu matupu kwenye magunia.

"Sasa mama, unaweza kutuonyesha hilo fundo lingine?" wakili wa serikali akauliza.

"Nililiona tu. Sikufundishwa."

"Jaribu."

Nikajaribu. Nilipitisha uzi juu, nikaurudisha, nikavuta, ukafunguka. Nikarudia, ukafunguka tena. Nyuma watu wakaanza kucheka, hata karani. Mara ya tatu uzi ukajisokota, nikawa nauvuta kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka.

"Si hivyo, mama! Unaanzia juu wakati uzi unaanzia chini!"

Ilikuwa sauti yake. Alikuwa ameinuka kizimbani, ameshika mbao kwa mkono mmoja, mwingine uko hewani unashona.

"Pitisha chini kwanza. Rudisha kwenye kitanzi. Kitanzi hicho, siyo hicho! Sasa lilaze kwa tako la sindano. Lilaze!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitii. Nikapitisha chini, nikarudisha, nikalilaza. Likakaa. Bapa, limelala, lile lile.

Hakuna aliyecheka tena. Wakili wake alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Jaji akamgeukia karani.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mheshimiwa."

Tajiri akakaa polepole, mkono mdomoni. Halafu akaniangalia, na nasema ukweli, alitabasamu. Kama zamani pale mashineni, mtu aliyeona kazi ikiharibiwa akashindwa kuvumilia. Angeweza kunyamaza tu, pengine akanusurika. Lakini mtu aliyeshona magunia hawezi kutazama fundo likikosewa, hata mimi nisingeweza. Sikumtega. Watu wanasema nilimtega kwa akili nyingi. Sikuwa na akili hiyo, nilikuwa sijui kufunga tu.

Nisimeze sifa zote. Dereva alisimama imara kwenye ushahidi wake, na ghala lake la mjini lilikutwa na mengi kuliko Fuso. Pengine angefungwa hata bila fundo. Lakini mimi nisingesafishwa bila fundo, hilo najua.

Leo jaji amesoma hukumu kwa muda mrefu, Kiswahili kigumu, sehemu nyingi zimenipita. Nilikuwa nimekaa nyuma na mume wangu. Kisha nikasikia: "Shahidi wa tatu, mshona magunia, alisema anachokijua, na pale asipojua alisema hajui. Mahakama haioni sababu yoyote ya kumshuku." Mume wangu akanibonyeza mkono hadi pete ikaniuma. Nilitaka jaji airudie. Mimi, wa darasa la saba, nimeandikwa kwenye karatasi ya serikali kwamba nasema kweli!

Nilipomwona Tajiri anatolewa nilimwonea huruma, sitaficha. Alinipa shikamoo akipita, pingu mikononi. Nikaitikia marahaba. Halafu nikamfikiria mdogo wangu na kijiko chake, huruma ikapungua, ikabaki kidogo.

Nje wanawake wote wa mashineni walikuwa wananisubiri, wamefunga kazi, wana vumbi la pumba kwenye nyusi. Vigelegele vilipigwa hadi askari wa getini akasema, "Jamani, hapa ni mahakamani." Mmoja akamjibu, "Ndiyo maana tunapiga, mjukuu wangu!" Wakanisindikiza hadi kwangu wakiimba, kwenye matope yale yale, na sikujali viatu. Majirani walionikwepa mwaka mzima wakatoka milangoni. Wengine walikuja kunishika mkono. Nikawapa.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya nyumba. Hakuinuka, magoti yake mabovu. Nilipompa shikamoo akaitikia, kisha akasema, "Usiwashe moto wako. Leo kuna chungu kimoja."

Tumekula jioni mapema, mwanga bado upo: ugali wa dona, nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, na kuku mmoja, jogoo wake mwenyewe ambaye hakuwahi kukubali kumchinja hata Krismasi. Firigisi, ambayo siku zote ni ya mwanawe, aliniwekea mimi.